Nguruwe Wamekula Mpunga, Nami Nimelala

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Ipokee kwanza, maana ukishasikia habari niliyokuletea huenda ukaninyima marahaba. Nguruwe wameingia shambani kwako. Wamekula upande wote wa mashariki, kutoka mpakani hadi karibu na ngazi ya dungu la kulindia, na walichoshindwa kula wamekilaza chini wakakikanyaga kwenye matope. Wamekula wakashiba, wakaondoka kwa raha zao. Hakuna aliyewapigia debe, hakuna aliyewatukania mama zao kama ulivyokuwa ukiwatukania wewe. Mlinzi wa usiku ule nilikuwa mimi, Skolastika, mjukuu wako, na mlinzi alikuwa amelala.

Nimeandika amelala, Bibi. Si kusinzia, si kufumba macho na kusikiliza vyura. Nililala tangu giza lilipoingia mpaka jua lilipokuwa limeshapanda upande wa Mahenge. Nina furaha mpaka naona aibu. Hapa nikicheka sana wenye mashamba watanipiga, ndiyo maana nakuandikia wewe, juu ya dungu lako, kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari langu la kwaya.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa ukiwasimulia watu kwamba nilizaliwa hivyo, kwamba hata nikiwa mchanga nilikuwa nakodolea macho kibatari. Uongo mtupu, nilikuacha tu kwa heshima. Nilipokuwa darasa la tatu ulikuwa ukinimwagia maji usoni ili niende shule. Usingizi ulinitoka nikiwa na miaka ishirini na miwili, msimu ule tulipofunga nyumba ya Kibaoni mapema tukahamia bondeni mpunga ukiwa bado haujatoa masuke. Maisha ya bondeni unayajua kuliko mimi: miezi juu ya dungu, alfajiri na jioni kuamia ndege, usiku kufukuza nguruwe, na kiboko akitoka mtoni ni kupiga debe na kumwomba Mungu. Miaka yote tulikesha kwa kupokezana. Ulikuwa ukinigusa mguu kwa fimbo, nami naamka nikinung'unika. Msimu ule ukanyoosha fimbo ukakuta nimekaa kitako, macho makavu. Kesho yake vilevile, keshokutwa vilevile. Mwisho ukaiweka fimbo chini, ukalala.

Ulilala, mke mwenzangu! Ulikoroma mpaka ngazi ikatikisika. Kwa umri wako ulistahili, sikatai. Lakini majirani nao wakapata habari. Mama Sabasi wa dungu la pili akaanza kulala, kisha baba mdogo Kasiani, mwanao, wa dungu la tatu, mpaka mstari mzima wa madungu ukawa unalala kwa kutegemea macho yangu mawili. Mimi ndiye niliyepiga debe, mimi ndiye niliyepiga kelele, nikitembea mipakani huku na huku kwa sababu hata kukaa nilikuwa siwezi. Mwili ulikuwa unawaka kama nimekalia jiko. Asubuhi waliniletea kambale wa kukaanga na pepeta ya mpunga mchanga, ya moto bado, imetoka kutwangwa. Wakanipa jina, Jicho.

Nami nililipenda jina hilo, Bibi. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa chochote, si darasani, si kwenye kwaya, na sasa watu wazima walikuwa wakinichangamkia kwa sababu ya kitu ambacho mimi tu nilikuwa nacho. Wewe ulikuwa ukijisifu njia nzima ya kutoka kisimani: "Mungu amenipa mlinzi asiyelala." Nani angefikiri kwamba ule ni ugonjwa? Ugonjwa tulioujua sisi ni ule unaokulaza kitandani.

Msimu wa pili dalili zilitupigia kelele, tukaziba masikio. Nilikuwa namaliza sahani mbili za wali na bado kanga inanidondoka kiunoni. Mikono ilitetemeka hata nikakumwagia chai miguuni, ukaniuliza kama nimeanza kunywa gongo. Macho yakatoka nje. Shingo ikavimba hapa mbele, ukasema ni rovu tu, kama la watu wa milimani, na kwa kuwa ulisikia redioni kwamba rovu huzuiwa kwa chumvi yenye madini joto, ukaninunulia pakiti baada ya pakiti. Ulinilambisha chumvi ile kiganjani asubuhi na jioni kama mbuzi. Daktari nilipomsimulia habari ya chumvi alifunika uso kwa mikono. Alisema kwa mapishi ni chumvi nzuri kabisa, lakini ugonjwa wangu si wa kukosa madini yale, na kunilundikia ilikuwa kama kuchochea moto. Huko zahanati nako nilipewa dawa za malaria mara tatu, na mara tatu nikarudi bondeni kuendelea kukesha.

Sasa nifike pale ambapo sikuwahi kukwambia.

Usiku mmoja wa mvua tulijibanza upande wa dungu usiovuja, sikio lako likiwa mgongoni mwangu. Ukashtuka, ukaniuliza, "Nini hicho kinachotwanga?" Nikasema ni moyo. Ukaubandika mkono wako palepale mgongoni. Kisha ukasema lazima nipelekwe hospitali Ifakara. Nilikaribia kulia kwa shukrani, maana nilikuwa nimechoka, Bibi, nilikuwa nimechoka mpaka mifupani na sikujua namna ya kusema, kwa sababu Jicho hachoki. Halafu ukaongeza, "Lakini tuvune kwanza, mke mwenzangu. Wiki tatu tu."

Nilikuchukia. Naandika hivyohivyo, nilikuchukia. Wiki tatu zile nilipokuwa nikizunguka gizani, moyo ukinipiga hadi kooni, nilikuwa nakusikia ukikoroma kule juu na nikatamani nguruwe waje wamalize kila kitu ili tuondoke. Lakini walipokuja niliwafukuza. Kila walipokuja niliwafukuza, tena kwa bidii. Mpaka leo sijui nilikuwa nakupenda au nilikuwa nalipenda lile jina.

Nilianguka siku ya pili ya mavuno, kisu cha kuvunia mkononi. Baba mdogo Kasiani alinipakia nyuma ya baiskeli, akanifunga kiunoni kwake kwa kanga yako nisidondoke, na wewe ukatufuata kwa miguu njia nzima hadi mjini, na goti lako lile bovu. Ulifika jioni. Sijasahau ulivyoingia wodini umeshika viatu mkononi.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza yenyewe. Alinishika shingo, akasikiliza moyo, akanitazama macho. Damu yangu ikapelekwa Dar es Salaam, ila yeye hakungoja majibu ili kuanza dawa. Alitueleza taratibu, na wewe ukawa unaitikia kwa kichwa ingawa najua hukuelewa, hata mimi nilielewa siku ya tatu. Alisema kinga ya mwili, ile inayopigana na maradhi, kwangu imeigeukia tezi ya shingoni na kuisukuma ifanye kazi mchana na usiku bila kupumzika. Ndiyo sababu ya joto, ya kukonda, ya mikono, ya macho, na ya kukosa usingizi. Hakuna aliyeniroga. Ndipo wewe ukasema, kwa fahari kidogo bado, kwamba huyu ndiye mlinzi wetu, kule bondeni wanamwita Jicho. Akakujibu kwa upole, "Bibi, huyu hakuwa mlinzi. Alikuwa mgonjwa."

Ulikaa chini, palepale kwenye sakafu ya wodi. Ukavua kitambaa cha kichwani ukakiuma. Sikuwahi kukuona ukilia, hata tulipomzika Babu, mume wetu, ulisimama kama nguzo. Ukasema, "Nimekula usingizi wa mjukuu wangu." Wauguzi walikuinua, nawe ukayarudia hayohayo tu.

Tangu siku ile kila asubuhi uliniuliza, "Umelala?" Nami nikajibu, "Nimelala, Bibi." Kila asubuhi, Kibaoni, kabla hata ya shikamoo. Ukishajibiwa hivyo uso ulikulegea, ukaenda kukoka moto. Basi leo nakwambia: nilikudanganya. Miezi ile yote sikulala usingizi wa maana hata siku moja. Moyo ulipungua mbio, ndiyo, mikono ikaanza kutulia, lakini usingizi haukurudi. Nilikuwa nalala chali nikihesabu miti ya dari mpaka adhana ya msikiti wa sokoni, halafu nasikia kengele ya kanisa, halafu nakusikia wewe unakuja kuniuliza. Hata asubuhi ile ya mwisho, kifua kimekubana na maneno yanatoka nusunusu, uliuliza. Nikasema, "Nimelala mpaka nimeota." Ukatabasamu. Usiku ule wote nilikuwa nasikiliza pumzi zako.

Ulikufa siku hiyo kabla ya mchana. Ninakuhakikishia mazishi yalikuwa mazuri. Wajukuu tulikufanyia utani kama ilivyo desturi: nilivaa gauni lako, nikachechemea mbele ya waombolezaji nikishika goti na kuwatukana nguruwe, watu wakacheka wakiwa na machozi. Padri alijifanya hakusikia.

Kisha ukabaki udongo tu, na mimi, na dungu.

Vidonge niliendelea kuvimeza, asubuhi, mchana, jioni, na kila mwezi naenda mjini kuangaliwa. Sista wa kliniki aliniambia mwili uliokesha misimu miwili umesahau namna ya kulala, hata ukitibiwa kilichouamsha, kwa hiyo nitaufundisha upya. Nisinywe chai jioni. Niamke saa ileile kila siku. Usingizi ukikataa nisiubembeleze, niinuke, nifanye jambo dogo, nirudi. Na ulinzi wa usiku niuache. Nilifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Januari nikafunga nyumba nikahamia bondeni peke yangu, kwenye dungu lako, nikalichukua debe. Kwa nini? Kwa sababu niliogopa, Bibi. Mikono imetulia, mwili unarudi, sina mume, sina mtoto, wewe umeondoka. Jicho akilala, anabaki nani?

Basi nikakesha. Mstari mzima ukalala. Na wakati mwingine, alfajiri, kichwa kikaanza kunidondoka, kidogo tu, dakika mbili tatu, na nikashtuka kama mwizi.

Baba mdogo aliliona hilo. Si mtu mbaya, unamjua uliyemzaa. Alikuja jioni moja na jogoo kwapani, akaketi kwenye ngazi, akazungumza habari za mvua, habari za viwavi, mpaka jogoo akachoka. Kisha akasema, "Mwanangu, hivi vidonge vyako si unaweza kuvipumzisha kidogo? Naona vinakulegeza. Tuvune kwanza."

Maneno yako yaleyale. Tena kwa sauti yako, maana amekurithi hata koo.

Nilitetemeka, na safari hii haikuwa tezi. Maishani sikuwahi kumkatalia mkubwa jambo. Nilitazama goti la baba mdogo, nikakuona wewe unaingia wodini na viatu mkononi, na nikajua kwamba nikikubali nitaanguka tena palepale, na wewe hutakuwepo kunifuata kwa miguu. Nikasema, "Baba mdogo, nakuheshimu sana, lakini hapana. Dawa siachi hata siku moja. Na kuanzia leo kila mtu alinde shamba lake." Akainuka. Akaondoka na jogoo wake, hakuniachia hata unyoya.

Habari ilifika madungu yote, lakini hawakuamini kama nimemaanisha. Watu wakishazoea kulala, kuwaamsha ni kazi. Siku ya tatu yake ilinyesha mvua nyepesi jioni, nikapika wali na perege, nikameza kidonge changu, nikapanda juu. Nilichukua debe kwa mazoea, nikaliweka mapajani. Nikajiambia ninyooshe mgongo kidogo. Sikumbuki kingine. Sina cha kukusimulia kuhusu usiku ule, na hapo ndipo penye utamu: usiku mzima, na sina hata neno moja la kusema juu yake.

Nilichosikia kwanza ni msiba. Mama Sabasi alikuwa analia kule chini kwa sauti ya juu kabisa, ile ya kuita kijiji, na nikawaza, maskini, nani tena amefariki? Kumbe walipoamka hawakusikia debe, hawakuniona nikitembea, wakaona mpunga umelala chini, wakakimbia. Baba mdogo alipanda ngazi kwa pupa mpaka kipago kimoja kikavunjika. Akanikuta chali, mdomo wazi, debe kifuani. Akapiga yowe, "Skola amekufa!" Ndipo nikafumbua macho nikauliza, "Nani amekufa?"

Bibi, yule mtu mzima alinishika mguu akalia kama mtoto. Alilia mpaka kamasi. "Nilijua nimekuua," alisema, "nilijua ni mimi." Nikamwambia sijafa, baba mdogo, nimelala. Akauliza kama anamsikiliza mwendawazimu, "Umelala?" Nikasema nimelala. Nikalisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoanza kuniuliza lilikuwa kweli. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Mama Sabasi akaacha kulia akaanza kukasirika.

Ana haki. Kwake wamekula zaidi, alininunia siku mbili nzima. Wapo waliosema nimefanya makusudi. Lakini siku ya tatu baba mdogo aliwaita wote chini ya dungu lake, akasimama akasema, "Kila mmoja wetu hapa ana macho mawili." Hakusema zaidi, unajua si mtu wa hotuba. Wakapanga zamu, wawili wawili kila usiku, na mimi wakanipa zamu mbili tu kwa wiki, za jioni, kuamia ndege na kuwapokea wa usiku wakija. Hakuna anayeniita Jicho sasa. Wananiita Skola, na wengine, kwa kunikomoa, Mama Godoro. Nalipenda pia.

Usidhani nimepona kabisa. Ugonjwa upo. Daktari anasema nitameza vidonge kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na hata ukitulia unaweza kurudi siku yoyote. Nikiumwa koo na homa natakiwa niache vidonge nikimbilie hospitali bila kungoja kesho, maana mara chache vidonge vyenyewe huweza kuharibu kinga iliyo kwenye damu. Macho hayajarudi yote ndani, nikipigwa picha bado nafanana na mtu aliyeona nyoka. Na zipo siku usingizi unanigomea, nalala nikihesabu miti kama zamani. Tofauti ni kwamba siogopi. Nainuka, nachambua mchele kidogo, narudi mkekani. Usiku tisa kati ya kumi na mmoja tangu nguruwe wale, nimelala.

Na nimekusamehe. Nilitaka kuandika hili mwanzoni nikashindwa. Ulinichelewesha wiki tatu, na ulinifuata kwa miguu njia nzima na goti bovu. Yote mawili ni wewe, siwezi kuchukua moja nikaacha jingine. Hukuujua ugonjwa ule, mimi mwenyewe niliuvaa kama nishani. Basi acha kujilaumu huko uliko. Usingizi wangu hukuumaliza, umebaki mwingi.

Msalimie mume wetu. Mwambie asihangaike kunitolea posa, nimenenepa sana kwa mzee kama yeye.

Nenda salama, Bibi. Sikukuaga vizuri siku ile kwa sababu ya uongo wangu, leo nakuaga nikiwa mkweli. Na ahadi yangu ni hii: bonde hili lote, kuanzia hapa hadi Mkula, nikisikia kuna mtu anasifiwa kwa kutolala, nitakwenda kumshika mkono nione kama unatetemeka. Ukitetemeka, nitampakia kwenye baiskeli mimi mwenyewe nimpeleke mjini, hata mpunga uwe umeiva unadondoka, hata mwenye shamba ashike panga.

Jua linashuka nyuma ya milima. Zamu ya leo ni ya baba mdogo na Mama Sabasi, nawasikia wanajaribu madebe yao na kubishana nani akae upande wa mto. Kidonge nimemeza. Sasa natandika mkeka.

Mke mwenzako,
Skolastika